Garanti ya nyumba ni miezi 3, si 6

Bandugu vijana wa Lubumbashi,

Kila mwaka masomo yakikaribia kuanza, vijana wanashuka kutoka Kasomeno, Kasenga, Pweto na kwengine, diploma ya Serikali iko mkononi. Minervali yao wazazi wameikusanya kidogo kidogo. Vyumba vya kampisi ya UNILU havitoshi kwa wote, basi wengi wanatafuta chumba Gambela, Kasapa, Kalebuka ao Katuba. Kwao ni mara ya kwanza kupanga nyumba. Na kabla hawajaona profesa hata mmoja, anayewapa somo la kwanza ni komisionere.

Somo lenyewe tunalijua sisi wote. Falanga ya kuzungushwa nyumba, ata kama haukupata chumba. Garanti ya miezi 6. Komisio ya mwezi mzima. Ukiuliza kwa nini, jibu ni moja: "Kama hauna, acha, bengine beko banangojea." Kijana anaogopa, hana mukubwa wa kumusemea, analipa.

Tupige hesabu. Tuseme chumba ni dola 40 kwa mwezi. Garanti ya miezi 6 ni dola 240. Ongeza komisio 40, imekuwa 280, na godoro bado. Kwa garanti ya miezi 3 ingekuwa 160. Ile dola 120 ya katikati inatoka wapi? Inatoka ku minervali. Hapo njo shida iko: kijana amepata pa kulala, amekosa pa kusoma.

Na sheria iko. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu kupanga nyumba za kuishi, inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi 3. Garanti si zawadi kwa mwenye nyumba. Ni akiba ya mpangaji, anarudishiwa akitoka, isipokuwa ameacha deni ao ameharibu kitu. Mukigombana, mwanzo wa njia ni serivisi ya Habitat, ijaribu kuwapatanisha kabla ya kufika tribinali.

Tunajua wenye nyumba nao wana woga wao. Kuna wapangaji wanaokimbia na deni, wanaovunja milango. Lakini sheria iliwafikiria na wao: miezi 3 ni ya kufunika hasara ile. Kinachopita pale si ulinzi tena, ni kumubana mutu asiye na nguvu.

Kwa hiyo tunaomba:

1. Serivisi za Habitat za komini zote zibandike sheria hii ku biro na ku kartie, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, mbele ya masomo kuanza.

2. Komisionere afanye kazi akijulikana na komini, na atoe resi kwa kila falanga anayopokea.

3. Uongozi wa vyuo uwaeleze wanafunzi wapya haki zao za kupanga siku ileile wanapojiandikisha.

Na wewe ndugu unayetafuta chumba, usingojee wakubwa wabadilike. Usiende peke yako: chukua mwanafunzi wa miaka ya mbele ao mutu wa kanisa lenu, maana mwenye nyumba anasema kwa heshima zaidi akiona mashahidi. Usimulipe komisionere garanti. Mulipe mwenye nyumba mwenyewe, na ujue kwa majirani kama nyumba ni yake kweli. Uliza maji yanatoka wapi, umeme unalipwa namna gani, geti inafungwa saa ngapi. Piga foto ya ukuta, mlango na dirisha siku ya kuingia. Dai kontra yenye sahihi na resi yenye hesabu. Kama unapanga na mwenzako, majina yenu wawili yaandikwe, akihama yeye usibaki na deni lake.

Mutu mumoja akikataa miezi 6, anafukuzwa ku mlango. Kartie nzima ya wanafunzi ikikataa, bei inashuka. Mupatie ujumbe huu mudogo wako anayekuja Lubumbashi, aupate mbele ya kupanda gari.

Sheria ni miezi 3. Tuisimamie pamoja.