Punje Moja ya Haragwe

Katika nyua nyingi za Butembo, wakati wa mavuno, maharagwe huanikwa juani, na mama huketi kuyachagua pamoja na wanawe. Huko Beni zaanikwa mbegu za kakao. Kazi ni njema, nasi hatuna neno juu yake. Lakini tazameni ni nani aketiye pembeni mwa mkeka. Ni kitindamimba, ambaye juzi tu ameanza kutambaa, naye hukijua kila kitu kwa kukitia kinywani.

Mtoto huyo hana magego ya kutafunia, na njia yake ya pumzi ni nyembamba mno. Akicheka au kulia, punje iliyo kinywani huvutwa ndani pamoja na pumzi. Basi, wakati wa kuchagua, afungwe mgongoni, au akae kwa bibi yake. Na zilizomwagika zifagiliwe kabla hajashushwa chini. Karanga nzima asipewe mpaka atimize miaka 5: zisagwe, ziingie katika sombe.

Wengi wetu twangojea kusikia kilio. Kumbe mtoto aliyezibwa kabisa halii. Huhangaika kimya, midomo ikigeuka rangi. Awezaye kukohoa kwa nguvu aachwe akohoe. Asiyeweza, msimpapase kooni kwa kidole, maana mtaisukuma punje ndani zaidi. Aliye chini ya mwaka 1 mlazeni kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini, mmpige kwa kiganja kati ya mabega mara 5. Kisha mgeuzeni, mmbonyeze katikati ya kifua mara 5, na kurudia. Aliyepita mwaka 1, baada ya kumpiga mgongoni, mkumbatieni kwa nyuma, mmbane juu ya kitovu mkivuta ndani na juu. Akizimia, mbonyezeni kifua na kumpulizia pumzi, na mwingine akimbilie pikipiki.

Lakini litutialo hofu zaidi ni utulivu. Mtoto hukohoa sana, kisha hunyamaza, na watu husema: imeshuka. Pengine imeingia katika pafu. Na haragwe likilowa huvimba, kama lifanyavyo chunguni. Baada ya siku kadhaa huja kikohozi na homa. Hupewa dawa, hupata nafuu, huugua tena. Wazazi, mwambieni daktari habari za ile punje, hata zikiwa zimepita wiki nyingi, hata mkiona haya kwa kuwa mlimwachia dada yake wa miaka 6 amlinde. Msipomwambia, atatibu kikohozi tu.