Maua ya Kuelea: Bariadi Msijiletee Gugu Maji kwa Mkono Wenu

Wadau, leo tuache siasa kidogo tuongee mambo ya maua. Msicheke, mtaona wenyewe hoja inakokwenda.

Harusi za kando ya bwawa la kuogelea si za Dar peke yake tena. Kamati inachangisha, mpambaji analipwa, na usiku ukiingia maua yanaelea juu ya maji, bibi harusi anapigwa picha. Safi kabisa! Mimi sina ugomvi na maua. Ugomvi wangu ni kile yanachoelea juu yake: maua ya bandia yaliyogundishwa kwenye lile povu jeupe linalofungiwa televisheni. Kesho yake povu limemeguka chengachenga, nusu iko kwenye chujio la bwawa, nusu iko mtaroni. Nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, sherehe zake bado zinaogelea kwenye plastiki. Kulikoni?

Halafu kuna wazo baya zaidi, na linamjia mtu kirahisi sana: kwa nini tununue, wakati Busega pale ziwani kuna gugu maji? Lina ua la zambarau, linaelea lenyewe, na ni bure. Pakia kwenye pikapu, lete Bariadi.

Jamani, hapo ndipo ninapopiga kelele. Mnajua gugu maji lilisambaaje duniani? Kwao ni Amerika ya Kusini. Watu walilibeba kutoka bara hadi bara kwa sababu moja tu: ni zuri, linapendeza kwenye madimbwi ya bustani. Pambo tu! Lilipoonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, haikupita miaka kumi likawa limefunga mialo, likazuia mitumbwi na kusumbua meli bandarini. Ikabidi waletwe wadudu maalumu wa kulitafuna. Na mwanzoni mwa 2025 likaja gugu jingine, Salvinia, likasumbua vivuko vya Kigongo–Busisi. Hilo nalo ni mmea ambao watu waliusafirisha kwa ajili ya mapambo ya majini.

Sasa leta hesabu hiyo Simiyu. Mkoa huu ulioanzishwa 2012 ni mkoa wa pamba na ng'ombe, na ng'ombe wananywa malamboni. Gugu maji likipata joto na uchafu wa kutosha linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili, na mbegu zake hulala kwenye tope miaka 15 na zaidi. Harusi imekwisha saa nane usiku, vijana wa usafi wanatupa mabaki kwenye korongo, mvua inanyesha, korongo linaingia lamboni. Nani atamwambia mfugaji kwamba lambo lake limekufa kwa sababu ya picha za harusi?

Wapo watakaosema, "Acha ushamba, ni usiku mmoja tu." Ziwa nalo lilianza hivyohivyo, kwa mche mmoja ambao hakuna aliyeuogopa.

Mbadala upo, na uko sokoni. Chukua kibuyu kikavu, kikate nusu upate kata mbili. Weka mchanga kidogo chini ili kata isipinduke, panga alizeti au bogenvilia zilizokatwa vikonyo vifupi, zifunge kata kwa kamba ya katani zisikimbilie kwenye chujio. Maua hayagusi maji yenye klorini. Asubuhi maua yanakwenda kwenye samadi, kata inaoshwa inangoja harusi nyingine. Na hela imebaki kwa mama anayeuza vibuyu. Mtaniambia bogenvilia nayo ni mgeni. Sawa, ila haijawahi kuziba bandari.

Ua la pamba tu msiguse. Najua linavutia, leo jeupe kesho limegeuka waridi, lakini kila ua linalochumwa ni kitumba kimoja ambacho mkulima hatakipima mizani.

Kwa hiyo wana kamati wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, swali kwa mpambaji liwe moja kabla hamjamlipa: baada ya sherehe, haya maua yanakwenda wapi? Akibabaika, mtafuteni mwingine.

Naomba kuwasilisha.