Serumu nyingi si kila mara uzima

Lubumbashi, mgonjwa akizidiwa, jamaa wanaomba serumu kwanza: "Mumutie serumu, atapata nguvu." Chupa ikiisha, wanakimbia farmasi kununua ingine. Lakini tafiti zinaonyesha kwamba maji mengi ndani ya mshipa yanaweza pia kuua.

Mfano ni ugonjwa wa kongosho. Ikivimba vikali, mishipa ya damu inavuja, presha inashuka, figo zinakosa damu. Ndiyo maana waganga walizoea kutia serumu kwa wingi. Katika maabara, panya na nguruwe wanaletewa ugonjwa huo makusudi ili kupima dawa na serumu. Lakini nguruwe wa maabara ni kijana, mzima, na saa ugonjwa ulipoanza inajulikana. Mtu anaweza kufika siku ya pili ao ya tatu, pengine na kisukari ao moyo uliochoka.

Mwaka 2022, utafiti WATERFALL ulilinganisha serumu nyingi na ya kiasi kwa wagonjwa 249 wa kongosho ambao hali yao haikuwa mbaya sana bado. Ulisimamishwa mapema. Kwenye serumu nyingi, asilimia 20.5 walizidiwa na maji mwilini. Kwenye kiasi, 6.3. Na serumu nyingi haikuzuia ugonjwa kuwa mkali.

Kwa magonjwa mengine, Afrika ilikuwa imeona hatari hiyo mbele. Utafiti FEAST wa Kenya, Uganda na Tanzania, uliotoka 2011, ulionyesha kwamba watoto wenye homa kali waliotiwa serumu nyingi haraka walikufa zaidi. Ngambo ya Kasumbalesa, kule Lusaka, wakubwa wenye maambukizo kwenye damu na presha ya chini walifuatwa 2012 na 2013: waliotiwa serumu nyingi, asilimia 48 walikufa, waliotunzwa kama kawaida, 33.

Hii haina maana ya kukataa serumu. Mwenye kolera anapoteza maji mengi kwa kuhara na kutapika. Yeye akicheleweshwa, anakufa. Tofauti ni kwamba kolera inatoa maji nje, lakini kongosho inayahamishia ndani ya mwili.

Basi kazi ni kupima: mkojo unatoka kiasi gani, pumzi inaendaje, miguu inavimba? Pale mashine za kupumulia ni chache, mapafu yakijaa maji, kumwokoa mgonjwa ni vigumu. Jamaa akiona pumzi inakuwa ya haraka wakati serumu inaendelea, aite muuguzi palepale, mbele ya kununua chupa ingine.