Shimo Lisiachwe Wazi

Mwaka 1971, machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, yalikuwa uwanda wa mwamba mtupu. Matumbawe ya kale yalikuwa yamechimbwa hadi karibu na maji ya chini ya ardhi, ambayo yana chumvi. Leo mahali hapo panaitwa Haller Park. Pana msitu, mabwawa ya samaki, mamba, viboko na twiga. Ndipo alipopelekwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, akafanya urafiki na kobe aitwaye Mzee.

Dunia inamkumbuka Owen. Sisi tunamwomba msomaji amkumbuke jongoo.

René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyeajiriwa na kiwanda hicho, hakuanza na wanyama wa kuvutia watalii. Alijaribu aina 26 za miti. Chache tu ndizo zilizohimili, mvinje ukiwa mbele. Mizizi ya mvinje hushirikiana na vijidudu vinavyoupatia nitrojeni. Lakini majani yake yana tanini nyingi, hivyo yalirundikana chini bila kuoza. Wakaletwa jongoo wenye miguu myekundu, wakayatafuna, na kinyesi chao kikageuka mboji. Udongo ulipopatikana, miti mingine ikaota. Ndege, pofu na choroa walikuja kukuta makao yaliyokwisha kuandaliwa.

Hilo ndilo tunalolisisitiza katika toleo hili: uhai hurudi kwa utaratibu wake, na utaratibu huo unadai muda na fedha. Huko Bamburi vyote viwili vilipatikana kwa sababu kazi ilianza kiwanda kikiwa bado kinazalisha. Mwekezaji anayengoja hadi siku ya kufunga huwa tayari amekwisha kuhamisha mitambo na mtaji.

Wapo wanaosema shimo lenyewe litajaa maji ya mvua na kuwa ziwa. Maji yaliyotuama kati ya kuta za wima ni hatari kwa watoto na mifugo. Ziwa lenye uhai linahitaji kingo zilizolazwa, kina kifupi pembezoni ili matete yaote, na maji yaliyopimwa. Tena si kila mwamba ni chokaa kama wa Bamburi. Katika migodi mingi ya dhahabu na shaba, miamba yenye salfaidi ikikutana na hewa na maji hutoa asidi inayoyeyusha metali zenye sumu. Huko, kupanda miti bila kuidhibiti asidi ni kuficha kidonda.

Sheria za madini za Tanzania ya mwaka 2010 na Kenya ya mwaka 2016 zinatambua dhamana ya kurekebisha ardhi. Tunataka dhamana hizo zilingane na gharama halisi, mipango ya ufungaji isomwe hadharani vijijini kabla ya leseni kutolewa, na ukarabati uende sambamba na uchimbaji. Msomaji, ukisikia mgodi unakuja kwenu, uliza kwanza utaondokaje.