Mashine ya Kusaka Hazina: Kabla Hujanunua, Jua Utaiwasha Wapi

Vijana wenzangu wa Malindi na Kilifi, tuongee ukweli kuhusu hizi mashine za kutambua metali. Watu wanabishana bei. Bei siyo swali la kwanza. Swali ni kama mashine inauweza ufuo wetu, na kama unaruhusiwa kuiwasha hapo ulipo.

Tuanze na mashine. Garrett ACE 250 ni nyepesi na rahisi kutumia, lakini ina frikwensi moja tu. Mchanga mkavu, fiti. Ukifika pale maji ya bahari yanaporowesha mchanga, inaanza kupiga kelele ovyo, manake maji ya chumvi hupitisha umeme. Nokta Simplex+ nayo ni frikwensi moja, ila inaingia majini hadi mita 3. Minelab Vanquish na Equinox hutumia frikwensi kadhaa kwa pamoja, kwa hivyo hutulia zaidi kwenye mchanga wa chumvi. Kisha kuna zile zinazotuma mapigo mafupi ya umeme. Hizo chumvi haizisumbui sana, lakini kutofautisha msumari na pete ya dhahabu, wapi! Utachimba kila kizibo cha soda.

Na kwetu kuna kingine. Mto Sabaki humwaga mchanga mzito wenye madini hapo kati ya Malindi na Mambrui. Ule mweusi huchanganya mashine nyingi za bei poa. Kwa hivyo kama ni lazima ununue, chukua ya frikwensi nyingi.

Sasa, wapi? Pete iliyoangushwa juzi na mgeni ufuoni ni jambo moja. Gede, Mnarani na magofu ya Mambrui ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inataka leseni kabla ya kutafuta vitu vya kale vilivyofukiwa, na vikitoka ardhini ni mali ya serikali.

Utasema, maisha ni magumu, serikali imenipa nini? Sawa. Lakini sikiza hii. Mwaka 2010, wanaakiolojia wa Kenya na China walichimbua Mambrui sarafu ya shaba yenye tundu la mraba, ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala China 1402 hadi 1424. Sarafu za aina hiyo si adimu kwa wakusanyaji, na huwezi kujengea nyumba. Thamani yake ni kwamba ilipatikana hapa, kwenye tabaka lake la udongo, ikazungumza na habari ya twiga aliyepelekwa China kutoka Malindi mwaka 1415. Ingetolewa usiku na mtu mwenye mashine na jembe, ingekuwa kipande cha shaba tu. Wewe ungepata hela ya wiki moja, na Malindi ingepoteza ushahidi wake.

Lakini lawama zisiwe za vijana peke yao. Makavazi na kaunti wakitaka tulinde turathi, watufungulie mlango. Watufunze kuchimba kitaalamu, watulipe, bila kudai digrii kwanza. Gede iliingia orodha ya UNESCO mwaka 2024. Vijana wanaoishi jirani nayo wanafaa kuwa ndani ya kazi hiyo, siyo kuchungulia nje ya ua.