TUSIOGOPE MOTA KUUKUU

Wahenga walinena: usitupe mbachao kwa msala upitao. Methali hii tumeiimba tangu shule ya msingi, lakini kitu kikiharibika tu, mbio tunakitupa. Mpenzi msomaji, mimi naona tunakosea, na ushahidi ninao.

Babu yangu alikuwa mpishi wa meneja mmoja Mzungu huku kwenye mashamba ya chai. Mzungu huyo aliporudi Uingereza miaka ya 1970, alimwachia sanduku la vitu vya kuchezea: garimoshi dogo, reli zake, na winchi yenye mota ya kupakia mizigo kwenye mabehewa. Sanduku lilikaa darini hadi likizo ya Agosti mwaka jana.

"Hiyo ilikufa zamani," babu akacheka. "Chukua uchezee."

Mambo ya reli si mageni kwetu. Mwaka 1901 reli iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu, ikipitia Londiani, Kipkelion na Fort Ternan papa hapa Kericho. Mwaka huo huo, Frank Hornby wa Liverpool alipata hati ya uvumbuzi wa vyuma vya kuunganisha vilivyokuja kuitwa Meccano. Mwaka 1920 kampuni yake ikaanza kuuza magarimoshi ya kuchezea.

Haya, kazi ikaanza. Transfoma sikuigusa, maana waya zake zilikuwa zimebambuka na stima ya volti 240 haina mzaha. Chini ya winchi paliandikwa volti 12. Nikaunganisha mawe manne ya redio, yaani volti 6, nijaribu polepole. Kimya! Nikaimwagia mafuta kila mahali. Hapo nikaharibu zaidi, kwa sababu mafuta yaliingia kwenye ile shaba inayopokea umeme.

Ikanibidi niifungue yote. Grisi ya zamani ilikuwa imekauka kama gundi na gia zimeshikana. Nikazisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, nikaziacha zikauke kabisa. Shaba nikaipangusa mpaka ikang'aa, na uchafu wa kwenye mianya nikautoa kwa kijiti. Vipande viwili vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye shaba vilikuwa vimelika. Fundi wa redio sokoni akanipa kaboni kuukuu ya mashine ya kutoboa, nikaikata na kuisugua kwa msasa hadi ikaenea. Mwisho, tone moja tu la mafuta ya cherehani kila upande wa mhimili.

Nikaweka mawe manane. Winchi ikanguruma, ikainua kibiriti! Babu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ilikuwa imelala tu."

Sasa nisikilizeni. Kidato cha pili tulisoma habari za mota. Nilichora mchoro, nikaandika kanuni ya mkono wa kushoto ya Fleming, nikapata alama zangu. Lakini mota yenyewe sikuwa nimewahi kuifungua hata moja. Wakati huo huo, stoo za shule nyingi zimejaa redio na saa mbovu ambazo hakuna anayeruhusiwa kuzigusa.

Wengine watasema huu ni mchezo wa watoto, na tena mtihani hauulizi winchi. La hasha! Mwaka 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto hapa Kericho, kwa kuwa watu walihofia kazi zao. Mama yangu ni mchumaji, hivyo siwezi kumcheka mtu anayelilia unga wa watoto wake. Lakini mashine zikiharibika, nani atazitengeneza? Najua kazi za ufundi haziwezi kuwatosha wote watakaokosa kuchuma. Hata hivyo, hizo chache nazo zitachukuliwa na watu wa mbali ikiwa sisi tutabaki kuogopa bisibisi.

Ombi langu kwa walimu wetu wapendwa ni dogo: mtupe Ijumaa moja kila mwezi, vitu vibovu vya kutumia betri, na mtu wa kutusimamia. Vya stima tusiviguse. Tutaharibu vingine, sikatai. Lakini hata mimi nilianza kwa kumwaga mafuta pasipostahili.

Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Nakomea hapo.