Bwawa la Kamembe lifunikwe kwanza, moto baadaye

Mwenye nyumba ya wageni mjini Kamembe akiamua kuchimba bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba, hesabu inayomnyima usingizi huwa ni ya saruji, vigae na fundi. Saruji haiko mbali, CIMERWA inaitengeneza Bugarama. Hesabu ya pili huja Juni, mvua zikiisha na mbingu zikibaki wazi usiku kucha. Alfajiri joto hushuka hadi karibu nyuzi 15, maji yanapoa, na mgeni aliyelipia chumba kwa sababu ya bwawa huchovya mguu mmoja na kurudi kunywa chai. Hapo ndipo mwenye nyumba huagiza hita ya umeme, na hapo ndipo anapokosea.

Rusizi haina majira ya baridi ya Ulaya. Baridi yake ni ya usiku. Mchana wa Juni hadi Agosti jua ni kali, na maji ya juu ya Ziwa Kivu yenyewe hukaa kwenye nyuzi 23 au 24 hivi. Ndani ya wilaya hiyo hiyo, bonde la Bugarama lina joto la kutosha hata anayeuza mashine ya kupasha bwawa huko anapaswa kuona aibu. Kwa hiyo swali la Kamembe ni dogo kuliko linavyoonekana: namna ya kuzuia joto la mchana lisitoroke usiku.

Tuchukue bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha mita 1.5. Hilo lina lita 48,000. Kupandisha maji hayo kwa nyuzi 6 kunahitaji uniti 335 hivi za umeme kwa hita ya kawaida. Tukiweka uniti kwa faranga 200 ili hesabu iwe rahisi, ni faranga 67,000, na hapo maji yamepashwa mara moja tu. Bwawa lililo wazi likipoteza milimita 5 za maji kwa siku kwa kugeuka mvuke, ni lita 160, na kila lita inaondoka na joto lake. Jumla ni kama uniti 108 kwa siku, yaani zaidi ya faranga 21,000 zinazopaa hewani. Jua la mchana hurudisha sehemu, lakini anayenunua Cash Power kila asubuhi kufidia kilichoondoka usiku anachota maji kwa tenga.

Dawa ya kwanza ni turubai la plastiki lenye mapovu ya hewa, linaloelea juu ya maji. Likikaa vizuri, mvuke karibu wote unazuiwa, na faida nyingine ni kwamba maji ya kujazia na dawa ya klorini hupungua. Kitu kimoja kisisahaulike: turubai hilo si mfuniko wa kubeba mtu. Mtoto akilikanyaga huzama chini yake na hakuna anayemwona. Uzio na mlango unaofungwa lazima viwepo kwanza.

Baada ya kufunika, jua. Watu wengi wakisikia maji moto ya jua hufikiria lile tangi la juu ya paa, la lita 200 au 300, lenye mabomba ya kioo. Hilo ni la bafuni. Kulitegemea lipashe lita 48,000 ni kumtwisha mbuzi mzigo wa lori. Bwawa linataka kitu cha bei nafuu zaidi: mikeka ya mabomba meusi ya plastiki iliyotandazwa juu ya paa, bila kioo wala tangi, na pampu ile ile ya kuchujia inasukuma maji yapite humo mchana. Eneo la mikeka liwe angalau nusu ya eneo la bwawa, yaani mita za mraba 16 kwa mfano huu. Ni kweli kwamba mawingu ya Oktoba na Aprili yataipunguzia nguvu. Lakini miezi yenye usiku wa baridi zaidi Kamembe ndiyo pia yenye jua jingi, na hiyo ni bahati ambayo watu wa Ulaya hawana.

Hoteli inayotaka nyuzi 28 kila siku ya mwaka, mvua au jua, inunue pampu ya joto. Mashine hiyo huvuta joto kutoka hewani, na kwa uniti moja ya umeme hutoa 4 au 5 za joto. Uniti 335 zinakuwa 84 au pungufu. Bei yake ya kununulia ni kubwa, hivyo haifai kwa bwawa linaloogewa Jumamosi tu.

Kuni na makaa visitajwe kama njia ya maskini, kwa sababu si rahisi hata kidogo. Kazi ile ile ingekula kilo 80 hivi za makaa katika tanuri linalopoteza nusu ya joto, na ni makaa yale yale ambayo mama wa Kamembe na wa Bukavu wanayagombania kwa ajili ya maharagwe. Wapo pia wanaowaza kuleta maji ya chemchemi ya moto ya Amashyuza kwa lori. Maji hayo yana chokaa nyingi, yataziba mabomba na kichujio. Anayetaka kuyaoga ashuke bondeni kama wanavyofanya wenye maumivu ya viungo.

Umeme nao una wenyewe wengi. Bwawa la Ruzizi II, lililoanza kazi mwaka 1989, huzalisha umeme unaogawanywa kati ya Rwanda, Burundi na Kongo kupitia SINELAC. Hita moja kubwa nyuma ya nyumba ya tajiri haizimi mji, lakini hita 50 zikiwashwa saa moja jioni, wakati kila nyumba inawasha taa, fundi cherehani wa ng'ambo ya mto atajua.

Kwa wanaovuka Rusizi ya Kwanza na ya Pili na mizigo, hapa kuna biashara, na si ya kuleta hita zilizotumika. Mabomba ya plastiki yanayotengenezwa ndani ya Jumuiya huvuka bila ushuru wa forodha yakiwa na cheti cha uasilia, na tangu Kongo ijiunge mwaka 2022 soko la Bukavu liko ndani ya uzio huo huo, angalau kwenye karatasi. Turubai linahitaji uangalifu. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008 na plastiki za kutumika mara moja mwaka 2019. Ankara inayosema tu "plastiki, marobota 4" inatafuta matatizo. Iandikwe turubai la bwawa, vipimo na uzito, na lile nailoni la kufungia mzigo liachwe lilikotoka. Anayeuza pampu ya joto aseme kabla ya kupokea pesa ni fundi gani ataitengeneza, na yuko upande gani wa mto. Mteja wa Bukavu ambaye mashine yake imekufa Julai hawezi kungoja kipuri kitoke Dar es Salaam wakati wageni wake wameshahamia hoteli ya jirani.